Wanaoshuka Kitonga Januari wafundishwe kazi ya gia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari madogo watakaokwenda nyumbani Iringa, Njombe na Mbeya mwisho wa mwaka huu. Nimeendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 26, na kabla ya hapo nilikuwa utingo miaka minne. Sasa nimestaafu na ninaishi Ilula, upande wa juu wa Mlima Kitonga ulio kwenye barabara hiyo.

Kila Desemba tunasikia matangazo ya tahadhari, na ni mema. Lakini anayetoka Dar mwezi wa Desemba, Kitonga anaupanda. Kupanda kunaitesa injini, ila gari lenyewe hukuambia: mshale wa joto unapanda, nguvu zinapungua, unaegesha. Mimi naogopa Januari, watu wanaporudi shule zikikaribia kufunguliwa. Hapo wanashuka, na gari si lile la Desemba. Buti imejaa mchele wa Kyela, juu kuna mikungu ya ndizi za Tukuyu, nyuma ameongezeka mtoto wa shangazi anayekwenda kusoma mjini. Breki ni zile zile.

Januari iliyopita nilikuwa Mahenge, chini ya mlima, nimefuata vitunguu. Likaingia pembeni gari dogo linatoa moshi kwenye tairi za mbele, na harufu ile anayeijua haisahau. Akashuka kijana, mkewe akatoka na watoto wawili wanalia. Kijana akachukua dumu la maji akimbilie tairi. Nikampigia kelele asimwage, kwa sababu diski iliyoiva kwa moto ukiimwagia maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka. Alikuwa anatetemeka. Akaniambia, "Mzee, shikamoo, breki imezama mpaka chini. Kona ya mwisho nimeshika kwa handibreki."

Nikamuuliza alikuwa amevuta gia namba ngapi.

"Hii ni otomatiki, mzee. Haina gia."

Mhariri, jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Kijana yule hakuwa mlevi, hakuwa na fujo, na leseni yake ilikuwa hai. Alishuka mlima wote lever ikiwa kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, na mguu juu ya breki, kama anavyoshuka daraja la juu pale mjini. Nikaingia kwenye gari lake nikamwonyesha: chini ya D kulikuwa na 2, chini yake L. Alisema alidhani L ni ya kutokea kwenye matope.

Nieleze kwa watu kama yeye. Gari likiteremka, uzito wake unalisukuma, na kitu lazima kiushike. Ukiiachia breki peke yake kazi hiyo, kona baada ya kona, inageuza msukumo wote kuwa joto. Pedi zinapoteza mshiko. Kisha joto linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu hubonyea. Unakanyaga, pedeli inakwenda mpaka sakafuni, gari linaendelea. Ndicho kilichompata. Nilimuuliza aliyabadilisha lini mafuta hayo, akasema tangu anunue gari hajawahi, huongeza tu.

Ukiweka L au 2, ambazo ndizo gia za chini za otomatiki, au namba ya chini kwenye gari la manyuali, injini yenyewe inalizuia gari. Italia kwa sauti kubwa, na watu huogopa sauti hiyo wakadhani injini inaharibika. Haiharibiki, ilimradi umepunguza mwendo kwanza kabla ya kushusha gia na mshale wa mizunguko haujaingia kwenye nyekundu. Kwenye baadhi ya magari, yakiwemo ya haibridi, kuna herufi B. Mengine yana alama ya kujumlisha na kutoa. Kazi ni hiyo hiyo. Mguu wa breki unabaki kwa kurekebisha tu: mwendo ukizidi unakanyaga kwa nguvu kiasi, unapungua, unaachia kabisa breki zipoe. Kosa ni kuulaza mguu pale juu kutoka kileleni mpaka bondeni.

Dereva aliyenilea, Mungu amrehemu, alikuwa na neno lake: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Tulisimama juu, mimi nikashuka kugonga tairi, kutoa maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo wa breki na kukagua breki, naye akichagua gia kabla gari halijainamisha pua. Hakuchagua katikati ya mteremko, kwa sababu lori likishakimbia gia haiingii tena. Lakini leo nalirekebisha neno lake. Injini za siku hizi zina nguvu, gari dogo linaweza kupanda Kitonga kwa gia namba tatu bila kulalamika. Ukishuka na tatu hiyo hiyo na mzigo wa Januari, inaweza isitoshe. Shuka na mbili.

Na wanaoweka fri, yaani kutoa gari kwenye gia, ili kubana mafuta, nawasihi kwa jina la watoto wao waache. Kwanza, injini haikushiki tena. Pili, faida yenyewe haipo. Magari ya siku hizi, ambayo mafuta huingizwa kwenye injini kwa sindano za umeme, ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye pedeli ya mafuta, hukata mafuta kabisa wakati wa kuteremka. Ukiwa fri injini inaunguruma yenyewe na inakunywa.

Kuna mambo mawili mengine ya mlima ule. Mvua ikianza tu, yale matone ya kwanza huamsha dizeli na oili iliyomwagika kwenye kona, na lami inakuwa kama sabuni. Hapo hata injini isikuvute kwa ghafla, shusha gia mapema. Na ukiona matawi barabarani, kuna lori limekufa mbele. Wakati mwingine lori limeshaondoka, mawe waliyokingia tairi wameyaacha. Nimewahi kuyatoa kwa mikono yangu usiku wa manane. Madereva wenzangu, jiwe ulilokingia ondoka nalo.

Ombi langu ni kwa vyuo vya udereva na wanaotahini. Vijana wengi wanajifunzia mjini, kwenye tambarare, wanafuzu bila kuteremka mlima hata mmoja. Kama mlima hakuna, basi angalau wakae ndani ya gari la otomatiki lililosimama waonyeshwe kila herufi na kazi yake. Na wauzaji wa magari yaliyotumika: kitabu cha gari la yule kijana kilikuwa cha Kijapani kitupu. Angejulia wapi? Kibao kinachomwambia apunguze gia hakimsaidii mtu anayeamini gari lake halina gia. Karatasi moja ya Kiswahili kwenye dashibodi siku ya kukabidhi funguo haiwezi kumshinda muuzaji.

Yule kijana nilimkalisha zaidi ya saa nzima, fundi akambadilishia mafuta ya breki na kukagua pedi, mkewe akanunua vitunguu debe zima japo gari lilikuwa limejaa. Alipofika Morogoro alinipigia. Aliniambia kila alipokuta mteremko aliweka 2, na mtoto wake mkubwa alikuwa anamkumbusha.

Januari ijayo, Mungu akinijalia uzima, nitakuwa nakaa asubuhi kwenye kibanda cha nyanya pale Ilula, kushoto ukitoka Iringa. Anayetaka kuonyeshwa lever yake kabla hajashuka asimame, ni dakika tano.

Dereva mstaafu,
Ilula, Iringa