Faili Umelifungua, Lakini Je, Umelihifadhi?

Kufungua kiambatisho cha barua pepe na kukihifadhi ni mambo mawili tofauti, na hapa steshenari kwetu tunaona wateja wakipoteza kazi zao kwa kuyachanganya. Mtu anafungua barua pepe kwenye simu, anagusa jina la faili, fomu ya maombi inatokea kwenye kioo, anaisoma mpaka mwisho na kuondoka akiamini fomu anayo. Siku ya pili yuko safarini, bando limekwisha, anaitafuta haioni. Jana alionyeshwa tu. Hakuishusha.

Kushusha kuna alama yake: mshale unaoelekea chini, mara nyingi una kistari chini yake. Ukiugusa, faili linakuja kukaa ndani ya kifaa chako. Kwenye Android lifuate folda ya Downloads, ambayo utaikuta kwenye programu ya mafaili ya simu. Kwenye iPhone, gusa alama ya kisanduku chenye mshale unaopanda juu, halafu chagua kuhifadhi kwenye Files. Ukishamaliza, zima data na ujaribu kulifungua tena. Likifunguka bila intaneti, ni lako.

Kwenye kompyuta hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu huko watu hurekebisha kazi. Mwanafunzi ametumiwa ripoti na msimamizi wake. Ni faili la Word; analifungua moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, anaandika kwa saa mbili, anabonyeza Save, anafunga. Akirudi kwenye barua pepe na kuifungua tena, anakuta ripoti ile ile ya zamani, na hapo ndipo anapotuita. Kompyuta haijamdhulumu. Nakala iliyomo ndani ya barua pepe haibadiliki kamwe, hata ukiandika mwaka mzima. Ulichokuwa unarekebisha ni nakala nyingine, na programu za barua pepe kama Outlook huiweka kwenye folda ya muda iliyojificha. Wakati mwingine tunaipata, wakati mwingine imeshafutika. Kwa hiyo hifadhi kwanza, kwenye folda unayoijua, na jina unalolijua, kabla hujaandika hata herufi moja. Na ukimaliza, ambatisha upya hilo faili jipya. Ukimjibu msimamizi bila kuambatisha, hatapata chochote, maana barua ya kujibu kwa kawaida haibebi viambatisho vya barua ya kwanza.

Kutuma nako kuna makosa yake. Lililo maarufu kuliko yote ni kuandika "naambatisha vyeti vyangu" na kusahau kuambatisha. Tunawashauri wateja waanze na alama ya klipu ya karatasi, waone jina la faili limekaa na limemaliza kupanda, ndipo waandike ujumbe, na anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho kabisa. Barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya.

La pili ni vyeti vilivyopigwa picha kimoja kimoja, kitanda kikionekana pembeni, vikatumwa kwa barua saba tofauti zenye mafaili yanayoitwa IMG na tarakimu ndefu. Mwajiri mwenye mamia ya maombi mezani hana muda wa kuunganisha vipande. Vyeti viskaniwe, viunganishwe kuwa PDF moja, na jina la faili liwe jina lako na kilichomo ndani. Huyo anayekupokea akilishusha kwenye kompyuta yake, atakujua hata asipoirudia barua.

Ukubwa nao unawasumbua wengi. Gmail inakubali viambatisho vya jumla ya MB 25 kwa barua moja; ukizidisha, inalipandisha faili kwenye Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na kutuma kiungo. Hapo angalia ruhusa, la sivyo mpokeaji atakutana na ukurasa unaomtaka aombe kibali, na siku ya mwisho ya maombi inapita. Kuna jambo jingine ambalo wateja hushangaa tukiwaeleza: faili linaongezeka uzito njiani. Barua pepe ilitengenezwa kubeba maandishi tu. Utaratibu wa viambatisho tunaoutumia hadi leo, uitwao MIME, uliandikwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed mwaka 1992, na unafanya kazi kwa kuligeuza faili kuwa mfululizo wa herufi. Ugeuzaji huo unaongeza karibu theluthi moja. Ndiyo maana ofisi iliyoweka kikomo cha MB 10 inaweza kukataa faili lako la MB 9: limefika kama MB 12. Tunaweza kulipunguza wakati wa kuskani, na maandishi yakabaki yanasomeka vizuri.

Kuhusu kufungua viambatisho vya watu usiowajua, msimamo wetu ni mkali. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kupitia kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa ikificha herufi za mwisho za jina, yaani .vbs, ambazo zingeonyesha kuwa hiyo ni programu, hivyo watu waliona TXT wakadhani ni barua ya kawaida. Mbinu hiyo haijafa. Ukiona "ankara.pdf.exe", hiyo ni programu iliyojivika jina la ankara, usiiguse. Hata barua ikitoka kwa mtu unayemfahamu, kama hukutarajia faili kutoka kwake, mpigie simu kwanza.

Ukitumia kompyuta za hapa dukani, faili ulilolishusha linabaki kwenye folda ya Downloads mpaka mtu alifute. Kitambulisho chako au taarifa ya benki isiachwe humo. Lihamishie kwenye flashi yako, lifute, safisha na pipa la taka, kisha utoke kwenye akaunti yako. Usipojua pa kubonyeza, tuite. Hatuna malipo kwa hilo. Na unapokuja, usiache simu nyumbani, hasa yenye laini uliyosajilia barua pepe yako. Ukiingia kwenye kompyuta ngeni, Google huweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo, na bila namba hiyo hata sisi hatuwezi kukufungulia.