Mwanangu Zuwena, iulize Rav4 peke yake

Wete, Pemba

Mwanangu Zuwena,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakaatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mama yako goti bado linamsumbua akiinuka kwenye mkeka, lakini kazi zake anazifanya na kelele zake ziko pale pale. Natumai nawe u mzima na zamu za usiku zimepungua.

Nnakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniitikia "sawa baba, sawa baba" kisha unakwenda kufanya ulilokwisha kulikata moyoni. Habari ya gari, hiyo Rav4 unayotaka kuinunua, nimeipata kwa Khamis kabla sijaipata kwako, na hilo limeniuma. Umeshatoa laki tano ya kishika gari bila ya kuniuliza neno, mie niliyekula chumvi yangu yote kwenye usukani wa gari ya abiria baina ya Wete na Chake. Laki tano hizo una risiti yake? Imeandikwa kuwa zinarudi ukighairi? Kama haikuandikwa, kesho asubuhi kabla ya zamu nenda ukaandikiwe, na utie picha kwenye simu.

Sasa nisikilize. Umemwambia mama yako kwa furaha kuwa yadi ya magari wameihesabu Vitz yako ya zamani milioni 9, na yule mwalimu wa Jang'ombe anayetaka kuinunua aliishia milioni 7 na nusu. Rav4 milioni 27, unawaachia Vitz, unaongeza milioni 18, umeondoka na gari. Mama yako akapiga kigelegele. Mie sikulala.

Nikamtuma Khamis. Usimkasirikie, nimemtuma mimi. Akaenda pale kama mpita njia, hana gari ya kutoa, ana pesa yake taslimu tu, akaiulizia Rav4 ile ile nyeupe iliyo karibu na geti. Wakaanza na 27. Akaizunguka, akakaa, akanywa maji waliyompa, akaaga. Hajafika barabarani wakamwita: kaka, milioni 24, mwisho.

Chukua kalamu. Gari ni ya milioni 24 kwa mtu asiye na kitu cha kubadilisha. Wewe unatoa 18 na Vitz juu yake. Basi Vitz wameichukua kwa milioni 6, Zuwena. Ile 9 iliyokufurahisha ni maandishi tu, na 3 zilizozidi umezilipa mwenyewe ndani ya bei ya Rav4. Na mwalimu wa Jang'ombe bado anaitaka kwa 7 na nusu. Milioni moja na nusu, mwanangu. Hesabu ni usiku mngapi wodini.

Ndiyo maana nakwambia iulize Rav4 peke yake. Vitz isitajwe. Usifike pale ukiiendesha, panda daladala au umwambie Khamis akupeleke. Wakikuuliza "una gari ya kutuachia?", wajibu kuwa kwanza unataka kujua bei ya hii kwa pesa taslimu. Wakishikilia kuuliza, jibu lako liwe lile lile. Mpaka wakuandikie bei ya Rav4 kwenye karatasi, na jina lao, na tarehe. Karatasi hiyo ikishaingia kwenye pochi, hapo sasa waweza kusema: ninayo na Vitz, mtaichukua kwa ngapi? Wakitoa chini ya mwalimu, muuzie mwalimu. Wakitoa sawa naye, wape wao ukitaka, umepunguza usumbufu. Lakini bei mbili zikae mbali mbali, usikubali waziunganishe wakakutajia ile ya kuongeza tu. Hiyo "ongeza kadhaa" ndiyo wanayoipenda, kwa sababu humo ndani mtu haoni nini kimepanda na nini kimeshuka.

Sisi watu wa Pemba tumelelewa na karafuu, na karafuu inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake. Unaanika, unapeleka kituoni, wanatazama daraja, wanapima, unalipwa bei iliyotangazwa. Hakuna wa kubishana naye. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tukiambiwa bei tunaona imeshatangazwa. Gari haina bei iliyotangazwa, mama. Ile iliyobandikwa kwenye kioo ni maneno ya kuanzia mazungumzo. Na wewe tangu mdogo ukiambiwa bei unaona haya kuikataa. Habari ya yule pweza unaijua, sina haja ya kuirudia.

Tena si hesabu tu. Sheikh alilisomesha suala hili hapa msikitini baada ya Alasiri, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo mawili ndani ya uuzo mmoja. Wanazuoni wamelieleza kwa njia zaidi ya moja, na Imamu Shafi kwa maelezo yake mojawapo akasema ni kama mtu kusema: nakuuzia changu kwa kiasi kadhaa kwa sharti uniuzie chako kwa kiasi kadhaa. Mie sitoi fatwa na simhukumu mwenye yadi. Lakini sababu niliyoisikia pale ndiyo hii hii inayoninyima usingizi, kuwa watu wanaachana na hakuna anayejua kitu chake kimesimama kwa bei gani. Muulize sheikh wa huko kwenu kama hujaridhika na maneno yangu. Lakini uulize kabla, si baada.

Nirudi kwenye gari yenyewe. Najua Khamis ameipenda rangi na wewe umependa viti. Rangi na viti ndivyo vinavyooshwa kabla gari haijatolewa nje. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kabisa karibu na sakafu utakuta kitambaa kidogo kimeshonewa, mara nyingi kina tarehe uliotengenezwa. Wakikwambia gari ni ya 2008 na mikanda ni ya 2005, wana la kukueleza. Halafu inama kwenye tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye yale maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikisomeka 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016, na mpira wa umri huo kwa jua letu ni wa kubadilisha hata ukiwa na meno. Usiwaambie "punguzeni" kavu kavu. Waambie tairi nne hizi nitanunua mimi, kwa hiyo zitoke kwenye bei. Ufunguo ni mmoja tu? Wa pili nao una bei yake, utoke. Betri ikiita kwa uvivu, nayo itoke. Mtu akionyeshwa kitu kwa kidole hana pa kukimbilia.

Kuna jambo moja ambalo nataka uliangalie kwa macho yako, si ya Khamis. Kaa kwenye kiti cha dereva, uondoe mkeka wa miguu, utazame raba ya pedeli ya breki. Gari iliyokwenda kilomita elfu 48, kama hii inavyoonyesha, raba yake ina mistari. Ukiikuta laini kama sabuni iliyokwisha, na pembe ya upande wa kulia imelika mpaka chuma kinachungulia, jua kuwa hiyo kilomita imerudishwa nyuma na mtu, au raba imetoka kwenye gari nyengine. Nimezitazama raba hizo maisha yangu yote. Utazame na usukani pale mikono inapokaa.

Na waombe karatasi ya mnada. Gari nyingi zinazotoka Japani zimepita mnadani, na kule hukaguliwa na kupewa alama. Alama ya 4 ni gari nzuri ya kutembelea. Ukiona herufi R, hiyo imegongwa na kutengenezwa, na bei yake ni nyengine kabisa. Namba ya chasisi iliyo kwenye karatasi iwe ndiyo iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Wakisema karatasi imepotea, basi na wewe potea kidogo, rudi baada ya siku chache uone kama haikupatikana. Fundi wako aende nawe, wa kwako, asiwe yule aliyekaa pale kwenye kigoda anayekuitikia kila kitu. Ainyanyue, atazame chini. Chumvi ya bahari haina huruma, na gari ikishakaa kipupwe chote uwanjani kutu huanzia pasipoonekana.

Uliza pia bei hiyo inamaliza nini. Ushuru umelipwa? Usajili na bima vimo, au wanakukabidhi gari bila ya namba na safari za ofisini ziwe zako? Watu wawili wanaweza kununua gari moja kwa bei moja na mmoja akaongeza pesa nyingi njiani.

Vitz usiipake rangi. Najua Seif alikushauri. Mnunuzi akiona rangi mpya anajiuliza umeficha nini. Ioshe mpaka chini ya viti, weka funguo zote mbili pamoja na risiti za oili ulizohifadhi, hapo nakusifu, maana wanaume wengi hawana hata moja. Na ile gia inayopiga kishindo asubuhi ikiwa baridi, mwambie mwalimu kabla hajaiendesha. Nakwambia hivi nikijua anaweza kupunguza laki mbili. Apunguze. Mwenye kuuza na mwenye kununua wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa katika biashara yao, na mie nataka gari yako mpya ianze na baraka.

Habari ya kuuza ile Carina yangu usinitajie. Wakati ule ulikuwa mwengine na mama yako alikuwa amelazwa.

Kadi ya gari ndiyo hofu yangu ya pili. Yeyote atakayeichukua Vitz, yadi au mwalimu, asiondoke nayo ikiwa bado kwa jina lako. Kuna wanaoiacha kadi kwa jina la mwenye zamani mpaka wapate mnunuzi mwengine, na huku gari inatembea. Ikigonga mtu Mwera usiku, jina litakalotafutwa ni Zuwena. Nendeni pamoja mkabadilishe umiliki, na siku hiyo hiyo mwandikiane: namba ya chasisi, kilomita, tarehe na saa ya kukabidhiana, na shahidi. Na kama ni yadi wanaoichukua, karatasi iwe na mistari miwili. Rav4 kwa kiasi hiki. Vitz kwa kiasi hiki. Wakikataa kuandika mistari miwili, umeshapata jibu lako, toka.

Kuhusu benki, nimefurahi hukutaka mkopo wa riba. Ukienda PBZ Ikhlas, upande wa Kiislamu wa Benki ya Watu wa Zanzibar, kwa njia ya murabaha, kumbuka kuwa benki inainunua gari kwanza kisha inakuuzia wewe kwa faida inayojulikana. Kwa hiyo kila milioni utakayoshindwa kuipunguza yadi itaingia kwenye bei ya benki na faida itakaa juu yake. Maliza maongezi na yadi kwanza. Na usimwambie mtu wa yadi kuwa benki imeshakubali, wala kuwa harusi ya Biubwa ni mwezi ujao na unataka kuendea gari mpya. Mwenye haraka hujulikana hata akinyamaza, seuze akisema.

Usidhani sioni ulichofanya. Barazani wamejua, wakaniuliza ni nani aliyemnunulia. Nikawaambia hakununuliwa, ananunua, kwa mshahara wake wa uuguzi. Walinyamaza wote. Mzee mmoja akasema na yeye atampeleka mjukuu wake wa kike skuli ya mjini. Basi sitaki fahari hii iingiwe na mtu aliyekuzidi ujanja kwa kalamu. Ndiyo maana naongea sana. Mama yako anasema barua imekuwa khutba.

Anakusalimu, na anasema lile dumu la mafuta ya nazi na achari ya mbirimbi amempa Mwanaisha, atashuka na boti ya Mkoani Jumamosi, mpokee bandarini Malindi asihangaike na mizigo. Bati la jikoni limetoboka tena upande wa kisima, nitalibadilisha nikishauza karafuu, usitume pesa. Nasema usitume. Pesa yako iweke kwenye tairi. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, mmoja dhaifu lakini ananyonya.

Alhamisi nitakupigia baada ya Isha. Nataka uniambie mambo mawili tu, bei ya Rav4 waliyokuandikia peke yake, na kama risiti ya laki tano umeipata. Usitie saini kitu chochote kabla ya hapo, hata wakikwambia kuna mtu anakuja kuichukua kesho. Daima kuna mtu anakuja kesho. Akija na akaichukua, meli bado zinateremsha.

Seif anaomba viatu vya skuli, namba 41, vyeusi, vya kufunga kamba. Vile vya mwaka jana vilikuwa vidogo na hakusema mpaka vidole vikachubuka.

Wasalaam,
Baba yako