Mnaotucheka Atlanta kwa sentimita tano za theluji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu wa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, ambaye barua yake mliitoa majuzi. Ametucheka sana. Anasema sisi wa Atlanta tukiona theluji ya kufunika kidole tunafunga shule, tunagombania mkate na maziwa madukani, kisha tunatelekeza magari katikati ya barabara na kutembea kwa miguu. Anasema tuliohamia majimbo ya kusini tumeambukizwa uoga na wenyeji wetu, na kwamba yeye huko kwake anaendesha tangu Novemba hadi Machi bila kelele.

La mkate na maziwa sina utetezi. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu wa huku akitangaziwa theluji anachokumbuka kwanza ni mkate. Ila hayo mengine hayawezi kupita hivihivi.

Mimi nakula kwa usukani. Nyumbani niliendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mlima Kitonga nimeupanda na kuushuka, jua na mvua. Hapa Georgia naendesha gari dogo la abiria, lile la siti kumi na tano, linalobeba wafanyakazi kutoka Clarkston, pembeni ya Atlanta, kwenda viwanda vya kuku upande wa Gainesville. Ni kama kilomita 80 kwenda. Abiria wangu wengi ni Wakongo wa Uvira na Bukavu, na Warundi kadhaa, na zamu yao inaanza alfajiri. Kwa hiyo huyu anayeandika si mtu anayeliogopa gari.

Kaka yetu wa Minneapolis anaendesha juu ya theluji. Sisi tunaendesha juu ya barafu, na ugomvi wote uko hapo. Kwake baridi ikishuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji inakaa kavu kama unga wa sembe, tairi inaikanyaga na kupata pa kushika. Huku inaanguka joto likiwa linachezea kwenye sifuri. Inagusa lami ambayo jana yake ilipigwa na jua, inayeyuka, magari yanaikandamiza, jua likizama kinabaki kioo. Unaangalia mbele unaona lami nyeusi iliyolowa tu, hakuna cheupe hata kimoja. Na barafu iliyo karibu na kuyeyuka ina utando wa maji juu yake, ndiyo inayoteleza kuliko ile iliyoganda kabisa. Huyo jamaa hajawahi kuendesha juu ya kitu chenyewe halafu anatupa daraja la mwisho.

Halafu atazame miguuni mwa gari lake. Huko wapo wanaofunga matairi ya majira ya baridi, ambayo mpira wake unabaki laini hata kwenye jalidi. Matairi ya kawaida mpira huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Nani huku Clarkston atanunua seti nzima ya matairi kwa ajili ya siku mbili za mwaka, na miaka mingine isiwepo hata moja? Hata serikali yenyewe haiwezi kuweka jeshi la magari ya kukwangua barabara katika mji ambao kwa wastani hupata sentimita tano za theluji kwa mwaka mzima, wakati Minneapolis hupata zaidi ya 120. Wanamwaga maji ya chumvi barabarani kabla ya dhoruba. Ni dawa nzuri, kwa sababu chumvi inazuia maji yasigande mapema, lakini mvua ikitangulia kunyesha, kama inavyofanya mara nyingi huku, inaisomba yote kabla theluji haijafika.

Nije kwenye hayo magari yaliyotelekezwa, maana najua anazungumzia tarehe 28 Januari 2014. Nilikuwepo, ningali mgeni. Theluji haikufika hata sentimita saba. Tatizo halikuwa madereva kutojua kushika usukani. Theluji ilipoanza kuonekana mchana, shule, maofisi na makampuni yote yaliwaruhusu watu kwa wakati mmoja. Magari ya mji mzima yakaingia barabarani ndani ya saa chache. Foleni ikasimama, theluji chini ya magari yaliyosimama ikageuka barafu, malori makubwa yakajikunja kwenye vilima, na malori ya chumvi yaliyotakiwa kuja kutuokoa yakakwama kwenye foleni ileile. Watoto maelfu walilala shuleni, wengine ndani ya mabasi. Watu walilala kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya dawa. Mtoto mmoja alizaliwa ndani ya gari kwenye barabara ya I-285, ile inayozunguka mji. Gavana wa wakati huo, Nathan Deal, aliomba radhi hadharani.

Wanaotucheka husimulia mpaka hapo. Wiki mbili baadaye, mwezi wa pili, ikaja dhoruba nyingine, ya barafu, mbaya zaidi kwa umeme na miti. Barabara zilikuwa tupu. Watu walikaa majumbani, foleni haikutokea. Ni madereva walewale na magari yaleyale. Ustadi haukuongezeka kwa siku kumi na nne. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanyika kabla ya kuwasha gari.

Na ustadi una mpaka wake. Tarehe 11 Februari 2021, huko Fort Worth, Texas, magari zaidi ya 130 yalirundikana alfajiri kwenye barabara ya I-35W na watu 6 wakafariki. Mvua nyepesi ilikuwa inaganda ikigusa lami. Baadhi ya waliokuwemo walikuwa wahudumu wa hospitali, watu wa zamu, wasioweza kupiga simu na kusema leo siji. Uwe umetoka Minnesota au Mbeya, ukikuta magari yamefunga njia mbele yako juu ya barafu, kukanyaga breki ni kama dua tu.

Sasa niseme langu. Mwaka 2025, Ijumaa ya tarehe 10 Januari, theluji ilianguka tena Atlanta. Gavana Brian Kemp alikuwa ametangaza hali ya dharura siku moja kabla, ofisi za serikali zikafungwa, watoto wakaambiwa wasiende shule. Kiwanda wanakofanya kazi abiria wangu kikatuma ujumbe kwenye simu: zamu iko palepale. Asiyekuja anaandikiwa pointi. Pointi zikijaa, kazi huna. Hawajali umechelewa kwa usingizi au kwa dhoruba.

Kwenda hakukuwa na shida, tulitangulia theluji. Kurudi mchana ndiko kulikokuwa na kazi, theluji ikiwa imegeuka chenga za barafu na manyunyu yanayoganda. Nilirudi kwa gia ya chini, kama tunavyoshuka Kitonga, injini ishikilie gari, mguu wa breki upumzike. Hilo la nyumbani lilinisaidia. Lingine la nyumbani ilibidi nilitupe kabisa. Kwenye tope la masika ukianza kuzama unakanyaga mafuta na kuchezesha usukani kushoto kulia, tairi inachimba mpaka inakuta udongo mgumu. Kwenye barafu tairi ikizunguka haichimbi kitu. Inapata joto, inayeyusha kidogo, inasugua, na pale chini panazidi kulainika. Kabla hatujaingia njia kuu tulimkuta kijana na gari lake dogo akikanyaga mafuta mwisho, moshi unatoka kwenye tairi na harufu ya mpira unaoungua imejaa hewani, gari halisogei hata inchi. Abiria wangu wawili walishuka wakamwekea kipande cha zulia la mlangoni chini ya tairi, wakamwambia akanyage polepole. Akatoka. Zulia likabaki limeganda palepale.

Pikapu kubwa ya fowili, ile inayovutwa na magurudumu yote manne, ilitupita kwa kasi, dereva akatupigia honi kwa kuwa tunatambaa. Tulimkuta mbele kidogo kwenye mtaro, pua ya gari imetazama tulikotoka. Hajaumia. Fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Natamani maneno haya yangebandikwa kwenye kila gari la namna hiyo linalouzwa Georgia.

Kilima cha mwisho kabla ya makazi yetu kiko kwenye kivuli cha misonobari, jua halikigusi siku nzima. Nilisimama chini yake nikakitazama. Gari langu linavutwa na magurudumu ya nyuma, na viti vya nyuma vilikuwa vimebaki wazi kwa sababu walioketi huko walishashuka. Nikawaomba waliobaki wote wahamie nyuma, wakalie ekseli. Mama mmoja wa Uvira, ambaye siku zote hukaa kiti cha mbele na hakubali kukitoa kwa mtu, akaniuliza, "Papa, unataka sisi tukuwe mizigo?" Nikamwambia ndiyo mama, leo nyinyi ni mifuko ya saruji. Walicheka wakahama. Tukapanda bila kusimama, maana ukisimama katikati ya kilima umeshakwisha, mguu juu ya mafuta kama umekanyaga yai. Nyuma gari lilitikisa mkia mara moja. Niliachia mafuta, nikageuza usukani kule mkia ulikokwenda, likanyooka. Sikugusa breki. Mama wa Uvira alikuwa anasali kwa sauti.

Nimeyasimulia haya ili msomaji wa Minneapolis aone kwamba huku nako wapo wanaojua, ila nisingependa ayatumie kunipongeza. Safari ile haikupaswa kuwepo. Serikali ya jimbo ilisema kaeni nyumbani, shule zilikubali, na kuku wakaamua vinginevyo. Kukaa nyumbani ndiyo namna hasa ambavyo dereva wa nchi yenye joto anapambana na barafu, na si aibu, ndilo jibu sahihi kwa mji usio na matairi ya baridi wala magari ya kukwangua. Lakini jibu hilo linawafaa wenye mishahara ya mwezi na kompyuta za kubeba nyumbani. Anayelipwa kwa saa anaendesha, au anaendeshwa na mimi.

Ndiyo maana baadhi yetu tunaobeba wafanyakazi kutoka Clarkston tumeanza kuzungumza. Shauri ni kwamba ikitangazwa hali ya dharura kwa ajili ya barafu, hakuna gari letu hata moja litakalotoka siku hiyo. Kiwanda kikikosa zamu nzima, hakitaandika pointi, kitahamisha zamu. Kikikosa gari moja, wale wa gari hilo ndio watakaoumia. Hatujakubaliana wote. Wenzetu wawili wanaogopa kwamba abiria watahamia kwa atakayekwenda, na siwezi kusema uoga wao hauna msingi, kwa sababu sote tunalipwa kwa kichwa na gari lina mkopo.

Kwako Mhariri nina ombi. Tahadhari za hali ya hewa zinazolia kwenye simu zetu huja kwa Kiingereza na Kihispania. Abiria wangu wengi hawasomi lugha hizo. Wanaisikia simu inapiga kelele kitandani saa tisa usiku, wanaizima, wanavaa mabuti wanakuja kunisubiri kituoni. Mnatoa taarifa za hali ya hewa za Nairobi na Dar es Salaam kila siku. Kuanzia Desemba hadi Februari tengeni mistari michache kwenye tovuti yenu kwa miji ya kusini tuliko wengi, Atlanta, Dallas, Houston, ikisema tu kwa Kiswahili: kesho kuna mvua ya kuganda, madaraja yataganda kwanza, gavana ametangaza dharura au hajatangaza. Mimi nitaichapa na kuibandika kwenye kioo cha gari, na mwenye duka la vyakula vya Kiafrika karibu na kituo chetu amekubali kuiweka kwenye kaunta.

Dereva wa gari la wafanyakazi,
Clarkston, Georgia