Kabla hamjahama

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako nimeipata, na nimeona nikujibu kwa kirefu, maana swali ulilouliza kwa mstari mmoja, "tuchome chanjo gani?", ni dogo kuliko jambo lenyewe. Chanjo zinakwisha kwa kwenda kliniki mara chache. Miaka miwili ya kuishi kwenye nchi yenye malaria na dengi ni habari nyingine. Mtalii wa wiki mbili hutimiza kila sharti kwa kuwa anauona mwisho wake, lakini mkaaji huzoea. Mwezi wa kwanza anapaka dawa ya mbu kila jioni. Mwezi wa nane anaona majirani hawapaki na ni wazima, naye anaacha. Jirani huyo aliyekulia penye malaria nyingi ameambukizwa tena na tena tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga ya kiasi. Ninyi hamna kinga hiyo, na hamtaipata kwa miaka miwili.

Kwa hiyo naanza na malaria. Dawa za kukinga zinazotumika sana ni tatu. Mchanganyiko wa atovakwoni na progwanili humezwa kila siku pamoja na chakula, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia hadi siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini miligramu 100 nayo ni ya kila siku, ila inaendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Imezeni kwa glasi nzima ya maji na msilale hapohapo, kwani kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Tena inaifanya ngozi iungue upesi juani, na si ya watoto wadogo wala mjamzito. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, ianze wiki 2 au 3 kabla ya safari ili madhara yake, kama yapo, yaonekane mkiwa bado nyumbani. Mtu aliyewahi kuugua sonona au kifafa asiiguse.

Tofauti hii ya siku 7 na wiki 4 ndipo watu wengi wanapokosea. Vimelea hukaa kwanza kwenye ini, kisha humwagika kwenye damu. Atovakwoni na progwanili huviua vikiwa bado kwenye ini, ndiyo maana wiki moja inatosha. Doksisaiklini na meflokwini hutegemea kuvikuta kwenye damu, na vilivyoingia siku ya mwisho vinaweza kuchelewa kutoka. Anayeacha dawa siku anayorudi anaugua akiwa kwake, mbele ya daktari asiyewaza malaria. Wapo wakaaji wanaokubaliana na daktari kumeza dawa msimu wa mvua tu. Inawezekana, lakini uamuzi huo ufanywe na daktari anayelijua eneo lenyewe, si mwenzako wa kazini.

Chandarua kiwe chenye dawa, kiwe kipana, na kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mkono ukigusa neti usiku, mbu anauma kupitia humohumo. Dawa ya kupaka iwe na DEET, kemikali ya kufukuza mbu, kati ya asilimia 20 na 50. Mkitumia na mafuta ya kukinga jua, pakeni mafuta kwanza, yakikauka ndipo mpake dawa. Nawasihi mweke nyavu kwenye madirisha yote kabla hamjatandika kitanda cha kwanza. Nyavu hufanya kazi hata mkichoka kukumbuka.

Sasa homa, Zuhura, na hili ndilo nalitilia mkazo kuliko yote. Homa yoyote kuanzia siku ya 7 baada ya kufika ichukuliwe kuwa malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo, na kipimo kifanyike siku hiyohiyo, hata kama mnameza dawa za kukinga bila kukosa. Malaria ya Plasmodium falciparum, kimelea kikali kuliko vingine, inaweza kumuua mtu asiye na kinga ndani ya siku chache tu tangu homa ianze. Kipimo cha kwanza kikikosa vimelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, mpaka vipimo vifike vitatu. Mkisha kutibiwa msitumie kipimo cha haraka kujua kama mmepona, kwani aina nyingi huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ombeni damu iangaliwe kwa hadubini. Mkiambiwa "una malaria na taifodi" kwa kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja, msikubali upesi. Kipimo hicho hudanganya sana. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na damu itolewe kabla ya kumeza antibayotiki.

Dengi ina mbu wake, Aedes, anayeuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Anazaliana kwenye maji mliyoyaweka wenyewe: sahani za chini ya vyungu vya maua, madumu yasiyofunikwa, matairi ya zamani. Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hugandia ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, hivyo kila wiki msugue kwa brashi. Homa ambayo bado haijulikani itulizwe kwa parasetamo tu. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu. Mgonjwa wa dengi anaweza kuharibikiwa pale homa inaposhuka na kila mtu anadhani amepona. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au ulegevu wa ghafla ni vya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo.

Kichaa cha mbwa nakiogopa kwa sababu ya watoto wako. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chomeni chanjo mapema, siku ya 0, yaani siku ya sindano ya kwanza, na siku ya 7. Mtoto akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa penye kidonda na mbwa, paka, popo au nyani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha apate dozi mbili zaidi, siku hiyo na siku ya 3. Ambaye hakuchanjwa mapema anahitaji dozi nyingi zaidi, na penye jeraha la hatari achomwe pia imunoglobulini, dawa yenye kinga iliyo tayari, ambayo sehemu nyingi haipatikani kabisa. Waambieni watoto tangu sasa kwamba hawatagombezwa wakisema wameumwa. Wengi huficha.

Kuhusu chanjo nyingine, homa ya ini B ndiyo inayokula muda: dozi tatu, mwezi wa 0, wa 1 na wa 6, kwa hiyo anzeni wiki hii. Homa ya ini A ni dozi mbili zinazopishana angalau miezi 6. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote. Sindano ya taifodi ya kawaida huisha nguvu baada ya miaka 2 au 3, na hata ikiwa mpya haikingi kikamilifu.

Ndiyo maana maji yabaki kuwa ya kuchemsha: yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 mkiishi juu ya mita 2,000. Klorini husaidia, ila haiui kriptosporidiamu, kimelea cha majini kinacholeta kuhara. Barafu nayo ni maji. Mtu akihara, na pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zimekwisha, pimeni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo msikadirie kwa macho. Kuhara damu au pamoja na homa ni kwa daktari.

Ziwani na mitoni msiogelee penye kichocho, hata maji yawe maangavu kiasi gani.

Mkirudi, kila homa ndani ya mwaka mmoja mwambieni daktari mliishi wapi kabla hajauliza. Plasmodium vivax, aina nyingine ya kimelea cha malaria, hujificha kwenye ini na kuamka baada ya miezi. Dawa ya primakwini huimaliza, lakini kwanza mpimwe kimeng'enya cha G6PD, maana anayepungukiwa nacho dawa hiyo humvunjia damu. Kifua kikuu mpimwe kabla ya kwenda, na tena wiki 8 hadi 10 baada ya kurudi.

Nitumie picha za kadi za chanjo za watoto na tarehe ya safari, nikupangie ratiba ya sindano kurudi nyuma kuanzia siku ya kuondoka.

Wako akupendaye,
Mwanaidi