Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji Moto na Joto la Ardhini

Wanachama wenzangu, wenye nyumba za wageni wa Nakuru, Gilgil na Naivasha,

Hesabu za mwaka mmeshazipata kwa mweka hazina. Mimi nina jambo moja: maji moto.

Bili ya stima ya Julai inatuumiza sote. Wageni huoga alfajiri karibu kwa wakati mmoja, na heta zote huwaka pamoja. Pampu ya joto ingetupunguzia mzigo huo. Mabomba hufukiwa ardhini, maji yanayozunguka ndani yake huchota joto la udongo, kisha mashine hulipandisha hadi kiwango cha kuogea. Uniti moja ya stima huleta takriban tatu au nne za joto, kwa sababu stima inalihamisha tu. Mlioniuliza kama lazima uwe uwanjani na mvuke wa ardhini kama ule unaozalisha stima Olkaria, karibu na Naivasha, jibu ni hapana. Udongo wa kawaida unatosha.

Kinachotukwamisha ni gharama ya kuchimba, na hapo ndipo kampuni ya umeme inapohitajika. Marekani, baadhi ya vyama vya ushirika wa umeme vimelipia mabomba ya wateja na kurudishiwa polepole kupitia bili. Mjini Framingham, kampuni ya Eversource ililaza mabomba chini ya barabara za mtaa na mwaka 2024 ikaanza kuwapa majirani joto kwa pamoja.

Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, nayo itafaidika, na hili naliamini kwa dhati. Mitambo ya Olkaria hufanya kazi usiku kucha ilhali watu wamelala, na kuna mvuke unaoachwa upotee. Pampu yenye tangi kubwa inaweza kupasha maji moto saa nane za usiku, wageni wakayakuta alfajiri. Nafuu ya bei ya usiku iliyoanza Desemba 2017 ililenga viwanda na biashara kubwa. Tunaomba mwenye pampu naye aipate.

Matangazo ya redio peke yake hayatamshawishi mtu. Katika kampeni ya Pika na Power, Kenya Power ilihimiza upishi wa stima kwa kupika mbele ya watu. Maji ya kuoga yanahitaji hivyo hivyo: mashine inayofanya kazi Nakuru, mita yake isomwe hadharani, na mafundi wetu wafunzwe kuitengeneza.

Kamati inaomba idhini yenu iiandikie Kenya Power barua ya maombi haya. Aliye tayari uwanja wake uwe wa maonyesho ampe katibu jina lake leo.