Subirini Kuche Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara nyingi, na kila mara macho yangu huishia pale unaposema kwamba upepo umekaa vizuri na huenda mkaingia bandarini usiku wa keshokutwa badala ya kungoja asubuhi, kwa sababu wenzako wamechoka na mmoja wao anataka kuwahi ndege. Nakuomba msiingie usiku. Atlantiki mmeivuka kwa mikono yenu wenyewe, nami nimejivunia hilo mbele ya kila aliyekubali kunisikiliza, lakini miamba na mafungu ya mchanga hayako katikati ya bahari. Yako karibu na nchi kavu, huko huko mnakokimbilia.

Tangu uondoke nimejifunza mambo ya bahari ambayo sikuwahi kuyafikiria. Nimejua kwamba taa za mji, zikiwa nyuma ya taa za maboya yanayoonyesha njia ya kuingilia, huzimeza, hata jicho lililolala vizuri likashindwa kuzitofautisha. Nimejua pia kwamba huko mlikotoka, Ulaya, chombo kinachoingia kutoka baharini huliacha boya jekundu upande wa kushoto, na huko Amerika mnakofika huliacha upande wa kulia. Bila shaka wewe unalijua hilo vizuri kuliko mimi. Swali langu ni nani atakayelikumbuka saa nane za usiku, baada ya majuma ya kulala vipande vipande kati ya zamu na zamu, wakati wengine tayari wanafunga mizigo.

Wenzako walikuchagua uwe nahodha, na hawakukosea. Lakini nakujua: hupendi kumwona mtu akinuna kwa sababu yako, na tabia hiyo, ambayo sisi hapa nyumbani huenda tuliisifu kupita kiasi, haifai kwa mwenye chombo. Uliandika kwamba mtaamua kwa pamoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika hili amua wewe, nao wakikununia, watanuna hadi jua lichomoze, kisha wataona wenyewe lango la bandari lilivyokaa. Mkifika mapema, kaeni mbali na pwani, mlivute tanga dogo la mbele upande wa upepo, mfunge usukani, chombo kitulie, na watu walale kwa zamu. Wewe ndiwe uliyenieleza namna ya kufanya hivyo, ukaniambia kuwa ni kama kuegesha gari baharini. Basi egesheni.

Na kamba ya usalama, mwanangu. Katika picha mlizotuma karibuni, watatu kati yenu mmesimama kwenye omo, mbele kabisa ya chombo, bila kujifunga, mnacheka, na wewe u mmoja wao. Mwanzoni mwa safari hamkuwa hivyo. Éric Tabarly, Mfaransa aliyeshinda mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1964 na tena mwaka 1976, alitupwa majini usiku mmoja wa Juni 1998 karibu na Wales, akiwa na marafiki kwenye Pen Duick, chombo alichokizoea tangu utotoni, na hakuwa amejifunga. Kwa mwendo wa noti 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, aliyeanguka huachwa nyuma zaidi ya mita 150 kila dakika, na gizani, kabla wenzake hawajageuza chombo, hakuna wa kumwona. Uhodari haukumsaidia yeye, wala mimi sitaki utegemee wa kwako.

Angalieni pia injini kabla hamjaikaribia bandari, maana imekaa muda mrefu bila kazi, na nanga iwe tayari kushushwa endapo itazima mkiwa kwenye lango. Lakini hayo yote hufanyika vyema zaidi mchana.

Hapa nyumbani paa la upande wa nyuma limekwisha ezekwa upya, ingawa fundi ameacha vumbi kwenye vitabu vyako, na mdogo wako amehamia chumbani mwako akisema ni kwa muda tu. Baba yako hasemi kitu, ila nimemkuta zaidi ya mara moja akitazama utabiri wa upepo wa huko mliko. Barua ya chuo imefika, inataka jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi; nimewaandikia kuomba wakuongezee muda, ili isiwe sababu nyingine ya kuharakisha.

Na huyo mwenzako wa ndege, mwambie kwamba akilazimika kubadili tiketi, gharama itakayozidi tutailipa sisi. Nimezungumza na baba yako, naye amekubali.

Mimi mama yako