Mtoto wa darasa la pili hana mtani

Mhariri,

Hivi karibuni mjukuu wangu, anayesoma darasa la pili hapa Dodoma, alirudi nyumbani na hotipoti yake ikiwa haijaguswa. Ugali wa uwele ulikuwa umekauka kingo na mlenda umeganda juu yake. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu akitazama chini kwamba hataki tena chakula cha ombaomba, na kwamba nikienda kumchukua nisimsalimie "mbukwa", salamu yetu Wagogo, pale getini wenzake wakisikia.

Utani wa makabila naujua na sina ugomvi nao. Mtani wangu akinichokoza, hata msibani, namrudishia papo hapo. Lakini utani una masharti yake: anayetaniwa sharti ajue kwamba anataniwa, tena awe na la kujibu. Mtoto wa miaka saba hana hata moja kati ya hayo. Akisikia darasani, mwalimu naye akicheka, kwamba kazi ya Wagogo ni kuomba, kwake huo si mzaha, bali ni maelezo ya yeye ni nani.

Hajaambiwa kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo pamoja na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua zikagoma, ndipo ikaja njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, iliyowatawanya watu wakitafuta chochote cha kutia tumboni. Wala hajui kwamba Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyepiga ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze mbele ya watu wa Ulaya, alikuwa mtoto wa huku huku kwetu.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, madarasa yamejaa watoto wa kila mkoa, nalo ni jambo jema. Kiswahili kiendelee kuwa lugha ya darasani, sibishani. Ninachowaomba walimu ni kwamba vipindi vya utamaduni na sanaa visiishie ubaoni: waiteni akina mama wa Chamwino wapige muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, uwanjani, watoto wote wacheze, mwenyeji na mgeni.

Kwa sasa mjukuu wangu mlenda anakula jioni tu, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa.

Bibi wa wajukuu wanne,
Dodoma